Chagua Kazi, Usichague Jina Lake



Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, kila nyumba hapa Igwachanya hugeuka kikao. Baba mdogo hupiga simu kutoka Makambako kusema mtoto asomee uhasibu. Shangazi anataka uuguzi, maana hospitali ya Ilembula iko jirani na chuo kiko palepale. Mama hasemi kitu, lakini majirani wote amekwisha kuwaambia kwamba mwanawe atakuwa daktari. Mwenye matokeo amekaa karibu na mlango, kimya. Mwishoni ndipo mtu anakumbuka kumuuliza, "Haya, na wewe unasemaje?" Naye anajibu, "Mnavyoona ninyi."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Linasikika kama heshima, na sisi wazee tunalipokea hivyo, tunafurahi. Lakini nimefundisha watoto wa vijiji hivi mpaka nikastaafu, na nimewaona watu wazima wakibeba jibu hilo miaka ishirini, wakiamka kila asubuhi kwenda kufanya kazi ambayo baba mdogo aliiona. Baba mdogo mwenyewe amekwisha kusahau kwamba aliwahi kupiga simu.

Wajukuu zangu, kabla sijawaambia mfanye nini, nataka mjue ushauri wetu unatoka wapi, kwa sababu asiyejua hilo ama huufuata wote, ama huutupa wote.

Wazee wa babu zenu hawakuchagua kazi. Mkoloni aliweka kodi ya kichwa, na huku Ubena fedha ya kulipia kodi ilikuwa shida kuipata. Fedha ilikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kukusanya wafanyakazi, ikijulikana kama SILABU, na Njombe ilikuwa moja ya sehemu walizozitegemea. Watu walisaini mkataba, wakapakiwa kwenye malori, wakaitwa manamba. Wengine walirudi na blanketi na baiskeli. Wengine hawakurudi kabisa, na wajukuu zao leo ni Watanga wasiojua neno moja la Kibena. Mwaka 1949 ilipoanzishwa kampuni ya miwati pale Njombe, angalau mtu aliweza kupata kibarua na jioni akaota moto wa nyumbani kwake.

Katika miaka hiyohiyo palikuwa na kundi dogo lililopita njia nyingine. Hao ni watoto waliosoma kwa wamisionari, Kidugala na kwingineko, wakawa walimu, wainjilisti, makarani na wauguzi. Hawakupandishwa lori, na mgongo wao haukujua mzigo wa mkonge. Kila mzazi aliyewaona alimwambia mwanawe maneno mamoja: shika kalamu. Baada ya Uhuru, mwaka 1961, maneno hayo yakathibitika zaidi. Nchi ilikuwa na wasomi wachache, na Serikali ilimchukua kila aliyemaliza. Mwalimu alipotoka chuo alipangiwa kituo, akafunga sanduku lake, akaenda. Hakuandika barua ya maombi wala hakufanya usaili.

Kwa hiyo mzee anapokwambia "soma upate ajira ya Serikali," usimwone mshamba. Anakupa dawa iliyowaponya watu wake kweli. Tatizo ni kwamba ugonjwa umebadilika. Tangu katikati ya miaka ya 2010 kupangiwa kituo moja kwa moja kulikoma, na sasa vijana wenye shahada ya ualimu wanakaa nyumbani miaka mingi wakisubiri tangazo, likitoka wanagombea nafasi chache kwa maelfu. Mnawajua. Wengine ni dada zenu na kaka zenu. Wamesoma kwa mkopo ambao siku watakapoajiriwa watakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka uishe. Njia waliyoelekezwa ilikuwa nzuri, ila ilichorwa na watu walioipita zamani.

Mzee hushauri njia alizoziona. Hilo lishikeni sana. Mwezi Machi 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 za kidato cha tano, zikaungana na zile 16 za awali, zikawa 65. Ndani yake mna muziki, michezo, sanaa na lugha ambazo zamani hazikuwa na mlango. Baba mdogo anazijua PCB, PCM, HGL na nyingine mbili tatu. Hawezi kukushauri juu ya mlango ambao hakuwahi kusikia kwamba upo, na wala si kosa lake.

Mtazameni Mama Anne Makinda. Alizaliwa hapa Njombe mwaka 1949. Niambieni, ni mzee gani wa Njombe mwaka ule angemshika mtoto wa kike mchanga na kusema, huyu atakuwa Spika wa Bunge? Bunge lenyewe la nchi huru halikuwepo. Alisoma, akafika Mzumbe, na mwaka 1975, akiwa na miaka 26, akaingia bungeni kuwakilisha vijana. Kiti cha Spika alikikalia Novemba 2010, mwanamke wa kwanza katika nchi hii, na baadaye akawa Kamisaa wa Sensa ya mwaka 2022. Wanaomtaja hutaja kiti. Mimi nawaomba mtazame ile miaka 35 kati ya 1975 na 2010. Ni miaka ya vikao, majimbo, wizara, kusoma makabrasha usiku, kusikiliza watu wakilalamika juu ya maji na barabara. Mtu hawezi kuivumilia kazi ya namna hiyo miaka yote hiyo kwa sababu anapenda kuitwa mheshimiwa. Lazima kuna kitu ndani ya kazi yenyewe anachokipenda, hata siku ambayo hakuna kamera.

Na hapa ndipo penye neno langu kubwa kwenu. Vijana wengi huchagua jina la kazi bila kuijua kazi.

Tangu wilaya yetu ya Wanging'ombe ianzishwe mwaka 2012 na makao yake kuwekwa hapa Igwachanya, kijiji kimekuwa mji. Zimekuja ofisi, zimekuja nyumba za kupanga, yamekuja magari yenye namba za Serikali. Mtoto anayekua hapa anamwona ofisa akishuka kwenye gari na faili mkononi, anasema, "Nataka kuwa kama yule." Anaona gari na faili. Haoni kilichomo ndani ya faili. Haoni mhasibu mwishoni mwa Juni, mwaka wa fedha unapofungwa, anavyokaa ofisini mpaka usiku akitafuta tofauti ya hesabu ambayo haionekani. Haoni ofisa ugani anavyotembea na pikipiki kwenye matope ya Kipengere kwenda kumweleza mkulima jambo lilelile alilomweleza mwaka jana. Nimeona binti aliyeingia chuo cha uuguzi kwa sababu ya sare nyeupe, na usiku wa kwanza wa zamu wodini alikuta kidonda kinachonuka na mgonjwa anayeita mama yake. Akatoka nje akalia. Mwenzake aliyeingia naye siku ileile alibaki, akakisafisha kile kidonda taratibu, akarudi bwenini amechoka na ametulia. Wote wawili walikuwa na alama nzuri, na vyeti vyao visingekuonyesha tofauti yao.

Basi kabla hujajaza fomu yoyote, nenda ukaione kazi. Mna miezi mizima kati ya mtihani wa Novemba na siku ya kuripoti shule, na wengi mnaimaliza kwenye simu. Mwombe fundi wa kuchomelea vyuma akukubalie uwe unamshikia bomba. Kaa na fundi cherehani. Kama unadhani unataka biashara, nenda Makambako, mahali ambapo barabara ya Songea inakutana na ile ya Dar es Salaam na Zambia, na reli ya TAZARA inapita, ukakae na mfanyabiashara wa viazi. Amka naye alfajiri kwenye baridi. Tazama anavyobishana na dalali juu ya lumbesa, anavyoweka fedha yake yote kwenye lori moja na kukaa siku mbili bila kujua kama soko la Dar es Salaam limeshuka. Ukirudi jioni ya siku ya tatu bado una hamu ya kurudi kesho, umejifunza jambo kuhusu nafsi yako ambalo hakuna mwalimu angekufundisha. Ukirudi umechoka na biashara imekuchukiza, umejifunza pia, tena bila kulipa ada.

Swali la kujiuliza lisiwe "kazi gani inalipa?" peke yake. Fedha ni muhimu, na anayewaambia vijana maskini kwamba fedha si kitu anawadanganya. Jiulize, katika kazi hii, sehemu yake ngumu na ya kuchosha ni ipi, na mimi naweza kuibeba sehemu hiyo bila kusukumwa? Kila kazi ina sehemu hiyo. Mwenye kuiweza ndiye anayedumu, na anayedumu ndiye anayekuwa hodari, na mtu hodari hata zama mbaya humwachia riziki.

Mkumbo nao ni adui, na sisi watu wa mkoa huu tunaujua vizuri. Kuna miaka kila mtu alipanda pareto. Ikaja miaka ya miti, hata mwenye ekari moja ya mahindi aling'oa akapanda paina, akangoja mbao. Sasa ni parachichi. Sisemi parachichi ni baya. Limewajengea watu nyumba, na nawapongeza. Lakini nchi yetu hii haifanani. Kule juu, Igosi, Wangama, Kipengere, kuna baridi na mvua nyingi. Huku chini, Saja, Luduga na Wanging'ombe yenyewe, ni joto na ukavu, na alizeti ndiyo inayotusitiri. Mche uleule wa Hass uliobebeshwa vizuri, ukiupanda penye udongo unaotuamisha maji mizizi huoza, na ukiupanda pakavu bila maji ya kumwagilia hudumaa. Jirani kavuna kwa sababu shamba lake liliukubali mti, na yeye aliuliza kwanza. Kijana anayekimbilia kozi kwa sababu mwaka huu wote wanaikimbilia hana tofauti na anayenunua miche mia tatu kabla hajachimba shimo moja kuutazama udongo wake.

Sasa niseme na wale ambao njia yao si nyepesi hata kuizungumza.

Mkoa wetu umezika sana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016-17 ulionyesha kwamba hapa Njombe asilimia 11.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi waliishi na virusi vya UKIMWI, kiwango kikubwa kuliko mkoa wowote nchini, na kabla ya dawa kupatikana kwa urahisi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wengi wenu mmelelewa na bibi. Bibi aliuza maharage, akauza kuku, akauza kipande cha shamba, ili uvae sare. Mtoto wa namna hiyo akisikia watu redioni wakisema "fuata moyo wako, usimsikilize mtu," moyo wake unapasuka, kwa sababu anajua ana deni, na deni hilo ni la kweli.

Mjukuu wangu, deni la bibi lipo na lilipe. Ila kulilipa hakukulazimishi kuwa mtu ambaye si wewe. Keti na bibi, umwambie waziwazi: nitafanya kazi hii kwa miaka miwili, kila mwezi nitakuletea kiasi hiki, mdogo wangu nitamlipia daftari na sare, na jioni nitaendelea na kitu changu. Deni lenye kiasi na muda hulipika. Lisilo na kiasi linakula maisha yote, na aliyekulea kwa shida hiyo hakukusudia hivyo.

Tena msidhani kwamba kuwa na kazi ya kula na kazi ya moyo ni kushindwa. Shaaban Robert, ambaye vitabu vyake mmevisoma shuleni, aliajiriwa ukarani wa forodha mwaka 1926, akabaki forodhani mpaka 1944, kisha akahamia idara nyingine za Serikali. Mchana aliandika karatasi za mkoloni, na nje ya saa za kazi aliandika yale tunayoyasoma hadi leo. Alikuwa na familia ya kulisha, na hakungoja aachane na ofisi ndipo aanze. Kama wewe una kipaji cha kuchora, kuimba, kutengeneza redio au kufuga nyuki, saa moja ya kila jioni inatosha kuanzia. Wengi wanaosema wamenyimwa nafasi wamenyimwa pia na simu zao.

Kwa mabinti nina neno la peke yake. Kwa muda mrefu mabinti wa Njombe na Iringa wamechukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam, wengine wakiwa bado watoto. Kazi hiyo ni halali na nawaheshimu walioifanya wakainua nyumba zao. Lakini wengi hawakuichagua. Alikuja mtu na ahadi, wazazi wakakubali, binti akapandishwa basi Makambako. Ukiamua kwenda, nenda kwa miguu yako na macho yako. Jua jina la unayekwenda kumfanyia kazi, mtaa, namba ya simu, mshahara, siku ya mapumziko, na nani atakupa nauli ya kurudi mambo yakiharibika. Yaandikwe, nakala ibaki nyumbani. Anayekasirika ukiuliza maswali hayo amekwisha kukupa jibu.

Na waliopata daraja la nne au sifuri wasijifiche. Chuo cha maendeleo ya wananchi kipo Ulembwe, kimoja cha vile vilivyoanza katika miaka ya 1970 kwa kuwafikiria hasa watu ambao shule ya kawaida iliwaacha. VETA nao wana utaratibu wa kumpima ujuzi kijana aliyejifunza ufundi gereji au kwa mjomba wake, na kumpa cheti bila kumrudisha darasani kuanza moja. Halmashauri, ambayo ofisi zake ziko hapahapa mnapopita kila siku, hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa kawaida hutolewa kwa vikundi. Undeni kikundi na watu mnaoaminiana kwa fedha, hata kama si marafiki wa kucheka nao.

Imebaki namna ya kumwambia mzazi kwamba hutaki alilokuchagulia. Vijana wengi wanaogopa hapa, na wengine wanaharibu hapa.

Usimwambie mbele ya wageni. Usimwambie jioni msimu wa ulanzi ametoka kilabuni. Tafuta asubuhi, mkiwa shambani, mikono ina kazi na macho hayalazimiki kutazamana. Mtangulize shangazi au mjomba anayesikilizwa, kama desturi yetu ilivyo, kwa sababu mzazi hupata shida kurudi nyuma mbele ya mtoto wake na hupata wepesi mbele ya ndugu yake. Uje na hesabu. Usiseme "sipendi ualimu." Sema: chuo nilichokiona ni hiki, ada yake ni kiasi hiki, kinachukua muda huu, nimekaa na fundi fulani wiki tatu na amesema nimeiweza, na kwa mwaka wa kwanza nitajilisha hivi. Mzazi anayekataa ndoto anaweza kuikubali hesabu. Asipokubali siku hiyo, nyamaza, endelea kulima, rudi baada ya mwezi. Nimeona wazazi wakali wakilainika kwa sababu tu mtoto hakubadilisha neno lake na wala hakupandisha sauti.

Na wazazi wenzangu mnaosomewa barua hii, muulizeni mtoto mwanzoni mwa kikao. Mkimuuliza mwishoni, anajua mmekwisha kuamua.

Kwa wale mnaosubiri kidato cha tano, dirisha la kubadilisha tahasusi na vyuo kwenye mfumo wa TAMISEMI huwa linafunguliwa baada ya matokeo na halikai wazi muda mrefu. Wengi mnaandika namba ya mtihani kwenye kikaratasi, mnampa mwenye stesheneri, mnaondoka, naye anawajazia kinachoonekana kwanza. Nenda mwenyewe. Vuta kiti, kaa kando yake, msome pamoja kila mstari, na asibonyeze mpaka useme ndiyo.